Mshitakiwa Mgonjwa wa Akili na Maswali Mawili Yanayochanganywa

Barua inayotoka mahkamani kuja wodini kwa kawaida huwa fupi. Hutaja jina la mshitakiwa, namba ya kesi na kosa analoshitakiwa nalo, kisha humtaka daktari athibitishe kama mtu huyo ana akili timamu. Mimi ni muuguzi wa maradhi ya akili hapa Unguja, si daktari wala si mwanasheria, lakini kazi yangu imenikalisha karibu na barua hizo kwa miaka mingi. Mimi na wenzangu ndio tunaompokea mshitakiwa anaposhushwa garini na askari, ndio tunaomwangalia usiku anapolala na asipolala, na maandishi yetu ya kila zamu ndiyo daktari anayoyafungua kabla ya kuandika ripoti yake. Kutokana na kazi hiyo nimekuja kuamini kwamba ombi lile la mstari mmoja limewaumiza watu wengi, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyo mbalimbali, na ripoti isiyoyatenganisha humjibu hakimu jambo ambalo siku hiyo hakulihitaji.

Swali la kwanza ni la siku ya tukio: mtu huyu alipofanya alichokifanya, je, alikuwa anakijua, na alikuwa anajua kuwa ni kibaya? Kwa upande wa sheria, swali hili limetufikia kutoka kwa Waingereza. Mwezi wa Januari 1843, jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiwa ameshikilia kuwa wafuasi wa chama cha Tory wanamwandama kila aendako. Drummond alikufa, M'Naghten akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, na ghadhabu za watu zikawafanya majaji watakiwe kueleza kanuni zao waziwazi. Kanuni hizo zimo, kwa maneno yanayokaribiana, katika sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza. Lakini maana yake haikuwa ngeni kwa watu wa visiwa hivi, kwani mtoto wa chuoni hapa kwetu huhifadhi mapema kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mdogo mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arejewe na akili.

Swali la pili ni la leo. Linauliza kama mtu huyu aliyesimama mbele ya hakimu asubuhi hii anaweza kushitakiwa kwa haki: anaelewa anashitakiwa nini, anaweza kufuatilia ushahidi, anaweza kumweleza anayemtetea namna mambo yalivyokuwa. Jawabu la swali hili halitegemei jawabu la lile la kwanza. Mtu anaweza kuwa alikuwa mzima kabisa siku aliyoiba, akaugua akiwa rumande, na leo hawezi kushitakiwa. Mwengine anaweza kuwa alikuwa amerukwa na akili siku ya tukio, akatibiwa, na leo akawa na uwezo wa kusimama na kueleza mwenyewe kuwa siku ile hakuwa na fahamu zake. Huyu wa pili anahitaji kesi yake isikilizwe, maana utetezi wake umo ndani ya kesi hiyo. Ripoti inayosema tu kwamba "ni mgonjwa wa akili" humfungia mlango ambao ungemtoa.

Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, kipo kisa cha Maiz bin Malik, aliyekwenda mwenyewe kukiri zinaa na kutaka atwahirishwe. Mtume alimgeuzia uso, naye akarudia kukiri mara kwa mara, mpaka akaulizwa kama ana wazimu. Katika mapokezi mengine imeelezwa pia kuwa watu wa kabila lake waliulizwa kama wanamjua kuwa na kasoro yoyote katika akili, nao wakajibu kuwa wanamjua ni mtu timamu. Kila ninapokisikia kisa hiki msikitini au redioni huona ndani yake kazi yetu yote. Kukiri kwa ulimi hakukutosha, akaulizwa mwenyewe, kisha wakaulizwa wanaoishi naye, na yote hayo yalifanywa kabla ya hukumu. Wamo pia wanazuoni waliosema kuwa mtu aliyekiri kosa la haddi, yaani lenye adhabu maalumu iliyowekwa na sheria ya Kiislamu, kisha akapatwa na wazimu hasimamishiwi haddi mpaka azindukane, kwa kuwa mwenye kukiri ana haki ya kurudi nyuma katika kauli yake, na aliyepotewa na akili hana namna ya kuitumia haki hiyo. Hapo swali la leo limetenganishwa na swali la siku ya tukio kwa uwazi ambao baadhi ya ripoti zetu bado hazijaufikia.

Nitaeleza mahojiano mamoja niliyohudhuria, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana mwenyewe asitambulike. Alikuwa mvuvi, akishitakiwa kwa kuchoma moto banda la ami yake. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi aliloletewa na mama yake, na alikaa vizuri kitini. Daktari alimuuliza anashitakiwa kwa kosa gani, akajibu sawasawa. Akaulizwa kazi ya hakimu, akasema ni kusikiliza pande mbili na kukata hukumu. Kazi ya mwendesha mashtaka? "Yule ni wa serikali, yeye anataka nionekane na kosa." Na wakili? "Kunitetea." Mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kwetu siku ile alikuwa anatia alama ya ndiyo kwenye kila mstari wa karatasi yake, na nadhani mtu yeyote aliyekuwa na haraka angemalizia hapo. Daktari hakumalizia. Akamuuliza, "Sasa wewe ukikaa na wakili wako, utamwambia nini ili akusaidie?" Kijana akasogeza kiti, akatazama mlango, akateremsha sauti. "Wakili simwambii kitu, dokta. Yule anapewa maneno yangu kabla sijayasema. Kesi yenyewe imeshakatwa, hukumu yangu nimesomewa redioni."

Hakuna hata jibu moja kati ya yale ya mwanzo lililokuwa la uongo. Alikuwa anaijua mahkama kama anavyoijua kila mtu. Kilichokosekana ni uwezo wa kuutumia ujuzi huo kwa faida yake mwenyewe, kwa sababu maradhi yalikuwa yamekwishamwambia kuwa kesi imekwisha na kwamba mtetezi wake ni adui. Mahkama Kuu ya Marekani iliipa tofauti hii nafasi yake katika kesi ya Dusky ya mwaka 1960, iliposema kuwa haitoshi mshitakiwa kujua yuko wapi na kukumbuka baadhi ya matukio; ni lazima awe na uwezo wa sasa wa kushauriana na wakili wake kwa fahamu za kadiri inayokubalika, na aielewe kesi yake kwa ukweli wa mambo na kwa mantiki pia. Sisi hatufungwi na mahkama za Marekani, lakini swali lile la mwisho la daktari linaweza kuulizwa Wete na Mwera bila ya kuagiza kifaa chochote.

Kwa hapa petu nyumbani kuna jambo linalolifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Katika mahkama za chini washitakiwa wengi hawana wakili. Anayeshitakiwa kwa wizi au kwa kumjeruhi mtu husimama peke yake, akatakiwa amhoji shahidi, akatakiwa aseme kama ana mashahidi wake, na anapokaa kimya kimya chake huandikwa. Mtu mwenye wakili anaweza kuwa na upungufu fulani wa fahamu na kesi yake ikaenda vizuri, kwa kuwa yuko anayemsaidia kufikiri. Asiye na wakili anahitaji uwezo mkubwa zaidi ili apate haki ile ile. Ndiyo maana ripoti isiyotaja kama mshitakiwa atajitetea mwenyewe au atatetewa, kwa maoni yangu, haijakamilika, hata ikiwa imeandikwa na bingwa.

Tena mahkama humwona mshitakiwa kwa macho, na macho hudanganyika. Dawa kama haloperidoli zinatuliza sauti na dhana, lakini kwa baadhi ya watu hukaza misuli, hutetemesha mikono, hutoa mate na kuufanya uso usionyeshe furaha wala majuto. Mtu wa namna hiyo anaposomewa kuwa amemuua jirani yake naye akaangalia mbele bila ya kubadilika uso, aliyekaa ukumbini humwona ana roho ngumu. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa uchungu juu ya kijana mmoja wa namna hiyo, "Hata haoni haya." Haya alikuwa nayo kijana yule, tena kubwa, lakini uso wake ulikuwa hauwezi kuitoa, na kwa kupunguzwa dozi na kuongezewa dawa ya kulegeza misuli ungeweza kumfungukia katika muda mfupi. Ripoti kwa hakimu inapaswa kusema mshitakiwa anatumia dawa gani na dawa hizo zinamfanya aonekane vipi. Ni mistari miwili tu ya kuandika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wanaokuja kutusaidia hulikosea mara nyingi, na wenyeji waliosoma sana hulikosea pia, nalo ni majini. Mshitakiwa akisema kuwa ana jini, au kwamba amekunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani, au kwamba mwenye husuda amemrushia kitu, hajasema lolote linalomtoa katika watu wazima wa visiwa hivi. Mwaka 1995 ilipoenea habari ya Popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku majumbani, ikianzia Pemba na kuja mpaka Unguja, watu wa mitaa mizima walitoka nje ya nyumba zao na kukesha pamoja barazani na uwanjani kwa hofu. Walikuwa ni walimu, wavuvi, wafanyabiashara, bibi zetu na mama zetu. Daktari ambaye angepita usiku ule na orodha yake ya dalili angewaandikia maradhi watu wote, na angekuwa amekosea kwa kila mmoja wao. Imani inayoshirikiwa na jamaa na majirani haiwi dalili ya maradhi kwa kuwa tu daktari haiamini.

Lakini upande wa pili nao upo, na unaua. Mgonjwa wa kweli hulizungumzia jini lake kwa namna ambayo hata mganga huishangaa. Mama wa yule mvuvi alikuwa amemzungusha mwanawe kwa waganga kwa muda mrefu kabla ya moto ule, na alipokuja wodini alitoa ndani ya kanga yake kadi ya kliniki ya zamani, kuukuu, iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mwanangu, jini tunalijua sisi. Jini huja, likapungwa, likatuliza, likaondoka. Hili la huyu haliondoki, na halitaki kitu." Kauli ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko kipimo chochote tulichokuwa nacho siku ile. Alikuwa ametupa kile kile walichoulizwa watu wa Maiz: wewe unayemjua, unamwona yuko sawa na sisi au ametoka? Ndiyo maana huumia ninapoona ripoti iliyoandikwa baada ya mazungumzo na mshitakiwa peke yake, ndugu zake wakiwa wamekaa nje ya geti tangu asubuhi na hakuna aliyewaita.

Kuhusu kujifanya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ndilo jambo ambalo askari na waendesha mashtaka hutuuliza kwanza, na kwa uzoefu wangu si gumu kama wanavyodhani. Wapo wanaojifanya. Aghalabu hutangaza wazimu wao daktari anapoingia na hupumzika anapotoka; hujibu kuwa mbuzi ana miguu mitano; husema sauti zinasema nao bila ya kukatika tangu asubuhi mpaka usiku. Wagonjwa wengi wa kweli hufanya kinyume cha hayo: huficha, hukasirika wakiitwa wagonjwa, na sauti zao huja na kuondoka. Usiku ndio unaosema zaidi. Mtu aliyepandwa na maradhi anaweza kukaa macho usiku baada ya usiku na asubuhi akawa na nguvu za kusema bila ya kituo, na hilo aliye mzima hawezi kulidumisha, hulemewa na usingizi. Kinachotakiwa ni muuguzi anayeandika kwa uaminifu saa aliyolala mtu na saa aliyoamka, si hila za kumtega. Kinachonitia hofu zaidi ni lile kosa jengine, la mgonjwa anayejifanya mzima kwa sababu anaogopa kuitwa kichaa mbele za watu wa kijiji chake, akakiri kila kitu na akafungwa.

Kesi mbili ambazo wanasheria huzirejea sana katika jambo hili la uwezo wa kushitakiwa hazikuhusu wendawazimu hata kidogo. Ile ya Pritchard, Uingereza, mwaka 1836, ilimhusu mtu kiziwi asiyesema. Hapo ndipo jopo lilipotakiwa kuamua kama amenyamaza kwa makusudi, kama anaweza kujibu shitaka, na kama ana fahamu za kutosha kufuatilia kesi na kujitetea. Ile ya Jackson, jimbo la Indiana nchini Marekani, ilimhusu Theon Jackson, kijana kiziwi, asiyesema, asiyejua kusoma wala kuandika, na mwenye akili changa. Alishitakiwa kwa kupora mara mbili, mara moja mali ya dola nne, mara ya pili dola tano. Madaktari walisema hawezi kuielewa kesi, mahkama ikaamuru azuiliwe mpaka atakapopata akili, na kwa kuwa hali yake haikuwa ya kubadilika kwa dawa, maana yake ilikuwa azuiliwe maisha kwa dola tisa. Mwaka 1972 Mahkama Kuu ya Marekani ikasema haiwezekani: mtu anayezuiliwa kwa sababu tu hana uwezo wa kushitakiwa azuiliwe kwa muda unaokubalika wa kupima kama atapata uwezo huo, na ikionekana hataupata, ama afuatwe utaratibu wa kawaida wa kulaza wagonjwa ama aachiwe.

Muda, kwa hiyo, ndio kitovu cha haki katika jambo hili. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania Bara humpa daktari wa hospitali ya akili siku 42 za kuandika ripoti ya mshitakiwa aliyepelekwa kuchunguzwa. Siku hizo ni wiki sita, na wanaotumia dawa hizi kila siku wanajua kuwa wiki sita aghalabu zinatosha kuonyesha kama dawa inafanya kazi au haifanyi. Sisi Zanzibar tuna Sheria yetu ya Mwenendo wa Jinai, Namba 7 ya 2018, na mahkama zetu wenyewe, na ningependa kuona kila amri ya kumpeleka mtu hospitali ikiandikwa tarehe ya kurejeshwa mahkamani na jina la afisa atakayeifuatilia, kwa maana amri isiyo na tarehe humtoa mtu katika daftari la mahkama bila ya kumtoa kizuizini.

Na kurejeshwa kwenyewe kuna mtihani wake. Nimeona mtu akitibiwa mpaka akatengenea, akaandikiwa ripoti nzuri kuwa anaweza kusimama mahkamani, akarudishwa rumande kungojea tarehe. Kule alikorudishwa dawa zake zilibaki kwenye mfuko wa plastiki ofisini kwa kuwa hapakuwa na aliyeelekezwa kumpa, sindano yake ya kila mwezi ikapita, na kesi ilipoitwa alikuwa amerudi kule kule alikotoka. Hakimu akasoma ripoti inayosema mzima, akamtazama mtu anayezungumza na ukuta, akaiahirisha kesi. Sitaitaja ofisi, kwa kuwa tatizo halikuwa la mtu mmoja mwenye roho mbaya. Kila mmoja alidhani dawa ni kazi ya mwenzake. Ripoti ya uwezo wa kushitakiwa ina uhai wa wiki chache tu, na uhai huo unategemea vidonge. Daktari aandike hivyo waziwazi, aandike na tarehe ya sindano inayofuata, na nakala iende kwa mkuu wa Chuo cha Mafunzo, yaani gereza letu la Zanzibar, kama inavyokwenda kwa hakimu.

Wanabaki wale ambao dawa haitawarejesha: aliyezaliwa na akili changa, mzee aliyepotewa na kumbukumbu, kiziwi wa kijijini ambaye ishara zake zinaeleweka na mama yake na dada zake tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 13 inataka watu hawa wafikishiwe haki kwa taratibu zinazowafaa. Kwa kiziwi yule, kabla ya kuandika kuwa hana uwezo, aitwe dada yake na mkalimani wa lugha ya alama wakae pamoja, waone kama baina yao watatu linaweza kupatikana jawabu. Kwa mwenye akili changa, aelezwe shitaka kwa maneno ya nyumbani kwao, polepole, atakiwe alieleze upya yeye mwenyewe, na arudiwe siku nyengine ili ijulikane kama limekaa. Wengine watashindwa hata hivyo. Kwa hao, mwendesha mashtaka atakiwe aonyeshe mapema kama ana ushahidi wa kutosha kwamba kosa lilitendeka na kwamba ni wao waliolitenda, kwa sababu haikubaliki mtu asiyeweza kujitetea azuiliwe kwa shitaka ambalo aliye mzima angelishinda siku ya kwanza.